Naitrasi kwenye lori la dizeli lenye turbo

Kijana mmoja wa hapa Chake, Pemba, alinijia gereji na lori lake la kubebea saruji. "Ami, nifungie naitrasi. Nikitoka bandarini Mkoani na mzigo, kile kilima kinanishinda." Nikamwambia akae kwanza tuzungumze, maana gesi hii vijana wameijulia kwenye sinema.

Naitrasi oksaidi si mafuta, wala yenyewe haiwaki. Kazi yake ni kubeba oksijeni. Kwa uzito, asilimia 36 ya gesi hiyo ni oksijeni. Hewa tunayovuta ina asilimia 23. Ndani ya silinda joto huivunja, oksijeni ikaachiwa. Kwenye injini ya petroli lazima uongeze na mafuta, la sivyo pistoni zinaungua. Dizeli ina tabia yake: hewa inaingia tele wakati wote, na nguvu inatokana na mafuta yanayopulizwa na nozeli. Basi naitrasi itakufaa pale tu penye mafuta yaliyokosa hewa, na dalili yake ni moshi mweusi. Lori lisilotoa moshi litamaliza mtungi bure.

Ninachokiogopa zaidi ni dereva kufungulia gesi wakati turbo, ile feni inayosukuma hewa kwenye injini, bado haijajaza. Injini inazunguka polepole, mzigo mzito, mlima mbele: presha ndani ya silinda inapanda ghafla kupita kiasi, gasketi ya silinda hedi inapasuka, konrodi, ile fimbo inayoshika pistoni, inapinda. Ndiyo maana sikubali swichi ya mkono peke yake. Naongeza swichi ya presha kwenye bomba la hewa, ili vali ya gesi isifunguke mpaka turbo ijaze, na nyingine kwenye pedeli ya mafuta, ikate dereva anapoinua mguu. Zote tatu zinafuatana kwenye waya mmoja. Moja ikikata, gesi inafunga. Tunaanza na jeti, yaani tundu la kupitishia gesi, ndogo kabisa. Geji ya joto la ekzosti, inayopima kabla ya turbo, hiyo ni lazima: ikikaa karibu na 700°C, ondoa mguu.

Mtungi nao unataka adabu, hasa kwetu. Ikipita 36.4°C naitrasi haibaki tena kimiminika, na presha inavuka 72 bar. Kabini iliyofungwa juani wakati wa kaskazi hufika huko kwa urahisi. Mtungi ukae kivulini, ufungwe imara, na bomba lake la kupumulia litoke nje ya gari, kwani gesi ikijaa kabini inamkosesha dereva hewa. Usiupashe kwa moto hata siku moja, unaweza kupasuka. Grisi na oili zisiguse viungio vyake, kwa kuwa gesi hii huchochea moto. Chumvi ya bahari inakula vyuma vyetu, kwa hiyo navikagua viungio kila mwezi.

Lile lori la kijana lilikuwa likitoa moshi kweli. Nilipofungua boneti nikakuta mpira wa intakula, kile kipozeo cha hewa ya turbo, umechanika upande wa chini, hewa ya turbo yote inapotelea nje. Tumebadilisha mpira na chujio la hewa. Juzi amepanda na saruji yake kutoka Mkoani, akanipigia simu akiwa juu: moshi umekwisha, na gari inavuta.