Je, wajua kwa nini samaki hufa katika tangi jipya lenye maji masafi?

Maji yanang'aa, changarawe imeoshwa ikatakata, pampu inatoa mapovu na hita imesimama kwenye nyuzi 26. Jioni wanaingizwa samaki wa Ziwa Tanganyika, wazima na wenye rangi zao zote, na wanakula bila shida. Kufikia siku ya nne au ya tano wameacha chakula. Wanakaa karibu na uso wa maji, mapezi wameyabana mwilini, mashavu wanayopumulia yanapanda na kushuka mbiombio, na ukiwamulika kwa tochi unaona ndani ya mashavu wekundu wa kuungua. Wiki haiishi kabla wa kwanza hajaelea. Wakati wote huo maji bado yanang'aa.

Kilichowaua hakionekani kwa macho. Ni amonia, na wameitoa wao wenyewe.

Samaki anapokula, protini ya chakula huacha nitrojeni ya ziada ambayo lazima itoke mwilini. Binadamu huigeuza kuwa urea na kuikojoa. Samaki wengi huiachia ikiwa amonia moja kwa moja, sehemu kubwa ikipitia kwenye mashavu, usiku na mchana. Chakula kilichobaki na kinyesi vikioza vinaongeza nyingine. Katika Ziwa Tanganyika, lenye kina cha hadi mita 1,470, amonia hiyo inapotelea mbali mara tu inapotoka. Katika tangi la lita 100 haina pa kwenda.

Ubaya wake unategemea maji yenyewe. Amonia ikiwa majini ina sura mbili: amonia halisi, inayopenya mashavu kwa urahisi na kuyaunguza, na amoniamu, ambayo hupenya kwa shida. Anayeamua ipo ngapi ya kila moja ni pH, yaani kipimo cha uchachu au umagadi wa maji, pamoja na joto. Kwenye nyuzi 25, maji ya pH 7 yana amonia halisi kama nusu ya asilimia tu ya jumla yote. Kwenye pH 8 inafika asilimia 5 hivi. Kwenye pH 9 inavuka theluthi moja. Maji ya Tanganyika yanakaribia pH 9, na ndiyo anayopaswa kuyaiga mtu anayefuga samaki kama Tropheus au Cyphotilapia waliovuliwa huko. Kwa hiyo kipimo cha miligramu 1 kwa lita, ambacho samaki wa maji yasiyo na magadi anaweza kukivumilia kwa siku kadhaa, kwa samaki hawa ni hatari ya saa chache.

Yupo samaki mmoja wa kwetu anayeonyesha jambo hili kwa namna ya ajabu. Katika Ziwa Magadi, kusini mwa Kenya, maji yana pH ya 10 hivi, na katika hali hiyo amonia haiwezi kutoka mwilini inavyopaswa. Perege mdogo wa ziwa hilo, Alcolapia grahami, ameacha kabisa njia ya samaki wenzake: nitrojeni yake anaitoa ikiwa urea, kama sisi. Samaki wa Tanganyika hana uwezo huo. Anategemea maji yaliyomzunguka yaiondoe amonia, na ndani ya tangi kazi hiyo lazima ifanywe na kiumbe mwingine.

Viumbe hao ni bakteria wanaoishi kwa kuichoma amonia kwa oksijeni. Sergei Winogradsky, mwanasayansi aliyezaliwa Kyiv, ndiye aliyefanikiwa kuwatenga mwaka 1890 akiwa Zürich, akaonyesha kuwa kazi hiyo inafanywa kwa zamu mbili. Kundi la kwanza hugeuza amonia kuwa nitriti. Kundi la pili hugeuza nitriti kuwa nitrati. Nitriti nayo ni sumu: hupenya mashavu, huingia kwenye damu na kuiharibu himoglobini, damu ikageuka ya kahawia na samaki akakosa pumzi ndani ya maji yenye hewa tele. Nitrati ni afadhali sana. Samaki huistahimili kwa viwango vya juu, mimea huila, na inayobaki unaipunguza kwa kubadilisha maji kila wiki.

Kwa miaka mingi wafugaji waliambiwa kuwa kundi la pili ni Nitrobacter. Mwaka 1998 watafiti wa California walipochunguza matangi ya maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, walikuta kazi hiyo inafanywa na jamaa wa Nitrospira. Kisha mwaka 2015 ikagundulika kuwa baadhi ya Nitrospira wanaweza kufanya zamu zote mbili peke yao, na mojawapo ya sampuli zilizothibitisha hilo ilitoka kwenye kichujio cha mfumo wa kufugia samaki. Binafsi nalipenda sana jambo hili: ugunduzi mkubwa namna hiyo ulikuwa umejificha kwenye utelezi wa kichujio.

Shida ni kwamba bakteria hawa huzaana polepole. Bakteria wa kawaida wanaoozesha chakula wanaweza kuongezeka maradufu ndani ya dakika 20 au 30 wakipata hali nzuri. Hawa wa amonia huhitaji saa nyingi, mara nyingine siku nzima, na wa nitriti hawawezi kuanza kazi mpaka wenzao wawe wameitengeneza nitriti yenyewe. Ndiyo maana tangi jipya huchukua wiki nne hadi sita kukomaa. Wala hawaelei majini. Hujishika kwenye sponji ya kichujio, kwenye changarawe, kwenye mawe. Hii ndiyo sababu kuleta ndoo ya maji kutoka tangi la zamani hakusaidii kitu cha maana.

Siku za mwanzo maji yanaweza kuwa meupe kama yametiwa maziwa. Hao ni bakteria wa kuozesha, wameona chakula wakajaa haraka, na watapungua wenyewe. Wengi hapa ndipo wanapoharibu: wanamwaga maji yote, wanasugua changarawe, wanaosha sponji kwa maji ya bomba. Kazi inaanza upya.

Njia ninayoiona ya haki ni kulikomaza tangi bila samaki ndani. Washa kichujio, pampu ya hewa na hita, kisha walishe bakteria kwa amonia safi isiyo na sabuni wala manukato, kiasi cha kufikisha miligramu 2 kwa lita. Usipoipata, kipande kidogo cha kamba mbichi wa baharini kwenye mfuko wa wavu kitaoza na kuitoa taratibu, ingawa kipimo utakuwa hukitawali na harufu utaivumilia. Nunua vipimo vya matone. Bila hivyo unabahatisha. Kwenye vipimo vingi vya amonia kichupa huanza na manjano na kuwa kijani kadiri sumu inavyozidi. Cha nitriti huanza na buluu hafifu na kwenda zambarau. Kwa wiki ya kwanza au mbili utaona kijani tu. Kisha siku moja kijani kinapauka na zambarau inakolea, na hapo nitriti itakaa juu muda mrefu kiasi cha kukukatisha tamaa. Endelea kuongeza amonia kidogo kila ile ya kwanza inapoisha. Tangi limekomaa pale unapotia miligramu 2 leo, na kesho saa hiyohiyo amonia na nitriti zote zinasoma sifuri.

Hapa maji ya Tanganyika yanakuwa rafiki. Bakteria hawa hupenda maji yenye magadi kiasi, na wanapofanya kazi hula ule ugumu wa kaboneti uliomo majini, unaozuia pH isishuke. Kwenye maji laini, kwa mfano ya mvua, pH hushuka, na ikifika chini ya 6 kazi yao karibu isimame. Changarawe ya matumbawe au chokaa inatosha kulinda hali hiyo.

Ukitaka kufupisha muda, omba sponji iliyochakaa kutoka tangi lenye afya la mtu unayemwamini, uiweke ndani ya kichujio chako ikiwa bado mbichi, kama mtindi wa jana unavyoanzisha wa leo. Wiki sita zinaweza kushuka hadi mbili au pungufu. Jihadhari na maji ya bomba. Klorini inayoua vijidudu vya kuhara inawaua na hawa. Yaache kwenye ndoo wazi yenye mapovu ya hewa kwa siku nzima, au tumia dawa ya kuondoa klorini. Maji ya kisima hayana tatizo hilo, ila yapime pH kwanza.

Tangi likishakomaa, badilisha sehemu kubwa ya maji ili kupunguza nitrati iliyojikusanya, kisha ingiza samaki wachache. Bakteria waliopo wanatosha kiasi cha chakula walichozoea, kwa hiyo ongeza wengine baada ya wiki moja au mbili, ukipima.

Umeme ukikatika, kumbuka kuwa bakteria nao wanapumua. Kichujio kilichofungwa kama mkebe huishiwa oksijeni, bakteria wanaanza kufa na maji ya ndani yanaoza, hivyo pampu ndogo ya hewa ya betri na kichujio cha sponji cha ndani ya tangi vina thamani kubwa huku kwetu. Umeme ukirudi baada ya saa nyingi, usiwashe tu kichujio kilichofungwa. Kifungue, mwaga maji yake, suuza sponji kwenye ndoo ya maji ya tangi, ndipo uwashe. Siku hiyo usiwalishe samaki, na asubuhi yake pima amonia kabla ya kitu kingine chochote.