Je, wajua kwa nini namba isiyo na maelezo hupewa maana za kutisha na kuchekesha?

Chukua namba hii: 3070219. Imeandikwa kwa wino mweusi kwenye kikaratasi ulichokikuta ndani ya koti la zamani. Hakuna jina wala tarehe, hakuna hata neno moja. Ungeweza kukitupa ukaendelea na shughuli zako. Hukitupi, na kabla hujamaliza kukikunjua, kichwa kimeshaanza kazi.

Labda ni namba yako kwenye foleni ya lango la ahera, na anayehudumiwa sasa ni wa 12. Labda ni uzito wako kwa gramu ukijumlisha na majuto, yaani tani tatu na ushee. Labda ni namba ya siri ya kufungulia jeneza kwa ndani, kwa wale watakaoghairi, na ukiikosea mara tatu linajifunga mpaka siku ya kiyama.

Ukitaka kuonyesha ufundi zaidi, ikate vipande: 30, 7, 02, 19. Sasa imekuwa tarehe 30, mwezi wa saba, 02:19, wakati uliopangwa wa wewe kufuatwa. Ila mtoa roho itabidi ajue Kiswahili. Akijua, 02:19 ni saa nane na dakika 19 usiku na mambo yako yamekwisha. Akiisoma kavukavu kuwa ni saa mbili, akangoja mpaka kupambazuke, umepata saa sita za bure.

Mchezo huu unatushika kwa sababu kadhaa, na ya kwanza ni kwamba tarakimu tupu hazikai kichwani. Mwaka 1956 mwanasaikolojia George Miller aliandika kwamba vitu tunavyoweza kuvishika kwa mkupuo mmoja ni kama saba, pungufu au zaidi kwa viwili. Vikizidi hapo vinamwagika. Dawa ni kuvifunga vitu vingi viwe kitu kimoja, na kamba ya kuvifungia ni maana.

Mfano mzuri kupita yote ninayoijua ulichapishwa mwaka 1980 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, wakiwemo Anders Ericsson na William Chase. Mwanafunzi mmoja wa kawaida alisomewa tarakimu azirudie, tena na tena, kwa zaidi ya saa 230 zilizotawanywa katika mwaka mmoja na nusu na zaidi. Alianza na tarakimu saba, akafika 79. Siri yake ni kwamba alikuwa mkimbiaji. Akisikia 3492, kwake ilikuwa dakika 3 na sekunde 49.2, muda uliokaribia rekodi ya dunia ya wakati huo ya mbio za maili moja. Namba zilizokataa kukimbia alizipa umri: 893 ikawa miaka 89.3, mzee sana. Kisha wakampa herufi badala ya tarakimu, naye akarudi kwenye vitu sita hivi kama sisi wengine. Kumbukumbu yake haikuwa imenenepa hata kidogo. Alichokuwa amejifunza ni kuzisingizia namba.

Sababu ya pili inatia wasiwasi kidogo. Katika miaka ya 1970 watafiti wa ubongo Michael Gazzaniga na Joseph LeDoux walimchunguza mgonjwa ambaye, kwa ajili ya kutibu kifafa, alikatwa mishipa ya fahamu inayounganisha nusu mbili za ubongo. Nusu ya kushoto, ambayo ndiyo inayozungumza, ilionyeshwa mguu wa kuku. Nusu ya kulia ilionyeshwa nyumba iliyozungukwa na theluji. Alipoambiwa achague picha zinazohusiana na alichokiona, mkono wa kulia, unaoongozwa na nusu ya kushoto, ulionyesha kuku, na mkono wa kushoto, unaoongozwa na nusu ya kulia, ukaonyesha koleo la kuzolea theluji. Wakamuuliza, koleo la nini? Nusu inayozungumza haikuwa imeiona theluji, kwa hiyo jibu la haki lilikuwa “sijui”. Badala yake ikajibu bila kusita kwamba koleo ni la kusafishia banda la kuku.

Gazzaniga akampa msemaji huyo wa ndani jina la mfasiri. Kila mtu anaye, na hana likizo. Neno “sijui” halimo katika msamiati wake. Mwekee 3070219 mbele yake, atakupa banda na kuku wake wote.

Wakati mwingine mfasiri huvuka mpaka. Mwaka 1958 daktari wa akili Mjerumani, Klaus Conrad, alilipa jina la apofenia tatizo la kuona maana na uhusiano mahali ambapo havipo, alipokuwa akieleza dalili za mwanzo za ugonjwa wa akili uitwao skizofrenia. Mgonjwa anaamini namba inamsema yeye. Mcheshi naye anasema namba inamsema yeye, ila anajua kuwa anadanganya, na uongo huo ndio anaoufurahia.

Lakini kwa nini maana zenyewe zielekee makaburini? Jaribu kusema kwamba 3070219 ni idadi ya maua katika bustani fulani. Hakuna atakayecheka, pengine hata wewe mwenyewe umeshachoka nayo. Nadhani kinachofanya kazi ni sura ya namba. Namba ina uso mkavu. Tena mtu hupewa namba pale ambapo jina lake limekuwa usumbufu: gerezani, wodini, kwenye daftari la madeni, kwenye droo ya mochwari. Namba haipandishi sauti wala haitoi pole. Ukiipa kifo ikitangaze, itakitangaza kama karani anayetazama saa ya kutokea kazini.

Mwaka 2010 watafiti Peter McGraw na Caleb Warren walitoa maelezo yanayofaa hapa: tunacheka pale jambo linapovunja utaratibu tunaoutegemea na papo hapo likaonekana halidhuru. Kifo huvunja kila utaratibu. Tarakimu saba zisizomjua mtu ndizo zinazoondoa madhara. Andika pembeni yake jina la mgonjwa halisi uone kicheko kitakavyokatika.

Sasa nifike kwenye sehemu ninayoipenda zaidi, maana hapa hisabati inamtetea mzushi.

Kwa miongo mingi kumekuwa na stesheni za redio za masafa mafupi zisizotangaza chochote ila tarakimu. Moja iliyovuma, ambayo wasikilizaji waliiita Lincolnshire Poacher kwa sababu ilifungua kwa kipande cha wimbo huo wa kienyeji wa Uingereza, ilikuwa na sauti ya mwanamke ikisoma tarakimu tano tano. Inaaminika ilikuwa ya majasusi wa Uingereza, ikirushwa kutoka Kupro, na ilinyamaza mwaka 2008. Si hadithi za vijiweni tu: Ana Montes, mchambuzi wa ujasusi wa kijeshi wa Marekani aliyekamatwa mwaka 2001, alikuwa akipokea maagizo ya Kuba kwa tarakimu za redio za namna hiyo.

Ujumbe wa aina hii ukitumwa inavyotakiwa hulindwa na ufunguo wa tarakimu za kubahatisha, wenye urefu sawa na ujumbe, unaotumika mara moja na kuchomwa. Tuseme umenasa 3070. Mwenye ufunguo huzitoa tarakimu za ufunguo kwenye zile za ujumbe, moja moja, na ikishindikana kutoa anaongeza kumi kwanza bila kukopa kwa jirani. Ufunguo ukiwa 1959 anapata 2121, ambayo kwenye kitabu chake cha maneno labda ni “jasusi wetu ameuawa”. Ufunguo ukiwa 5278 anapata 8802, “mtoto ameota jino”. Wewe huna ufunguo. Unajua tu kwamba funguo zote 10,000 zina nafasi sawa, kwa hiyo 3070 yaweza kuwa neno lolote la tarakimu nne lililomo kitabuni, na kuinasa hakujakupunguzia hata moja.

Mwanahisabati Claude Shannon alilithibitisha hilo katika makala yake ya mwaka 1949. Huhitaji kompyuta kubwa zaidi wala subira zaidi, kwa sababu ndani ya tarakimu zenyewe hakuna kilichofichwa cha kuchimbuliwa. Nusu ya maana iko kwenye karatasi iliyokwisha kuchomwa. Basi anayedai kuwa 3070 ni taarifa ya msiba wa kasuku wa balozi hawezi kupingwa na yeyote aliyekosa ufunguo. Kinga hii huvunjika watu wakiwa wavivu. Wasovieti walirudia baadhi ya kurasa za funguo zao wakati wa Vita Kuu ya Pili, na Wamarekani wakaanza kuzisoma jumbe zao.

Pamoja na hayo yote, wabunifu tumeshindwa na makarani. Tangu tarehe 1 Oktoba 2015 hospitali za Marekani hutumia orodha ya misimbo iitwayo ICD-10-CM, herufi moja ikifuatwa na msururu wa tarakimu, mara nyingine na herufi tena, kwa kila ugonjwa na ajali. W61.62 ni kugongwa na bata. V91.07 ni kuungua kwa sababu ya skii za majini, yaani mbao za kuteleza juu ya maji, zilizoshika moto. Z63.1 ni matatizo na wakwe. Y92.146 inataja mahali pa tukio: bwawa la kuogelea la gereza. Hakuna hata mmoja niliotunga mimi.

Halafu kuna V97.33XD. V97.33 ni mtu kuvutwa ndani ya injini ya ndege. X imewekwa kujaza nafasi tu. D maana yake mgonjwa amerudi kuendelea na matibabu.