Saa moja asubuhi mlangoni: ujuzi ambao kazi za watoto wadogo zinaudai

Mtu akiomba kazi katika kituo cha kulelea watoto wadogo mchana, huulizwa kwanza ana cheti gani. Mimi ningemwomba apokee watoto kumi mlangoni saa moja asubuhi, nami nisimame pembeni nikimtazama. Nusu saa hiyo inatosha kuonyesha kama anaijua kazi.

Mlezi anayejua kazi huchutama hadi uso wake uwe sawa na wa mtoto, humwita kwa jina, na wakati anamsalimia, mgongo wa kiganja chake uko shingoni mwa mtoto ukisikilizia joto. Macho yake yanapita haraka: je, kuna usaha machoni, upele, jeraha ambalo jana halikuwepo? Anapumuaje? Mtoto akionekana kuhema, anahesabu pumzi kwa dakika nzima mtoto akiwa ametulia. Pumzi 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni dalili ya kwenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Wengi huhesabu sekunde 15 kisha wakazidisha kwa nne. Pumzi za mtoto hazina mpangilio kama za mtu mzima, kwa hiyo hesabu hiyo hudanganya.

Kisha humuuliza mzazi maswali matatu: amelalaje, amekula nini na saa ngapi, na kuna dawa yoyote amepewa? Swali la tatu ndilo husahaulika, nalo ndilo zito. Mtoto aliyepewa paracetamol saa kumi na mbili alfajiri hufika akiwa hana joto kabisa, halafu kwenye saa nne au saa tano homa inaibuka. Mlezi asiyejua alichopewa nyumbani anaweza kumuongezea dozi juu ya dozi, na ini la mtoto ndilo linaloumia. Jibu liandikwe daftarini pamoja na saa. Lisibaki kichwani mwa mtu mmoja anayetoka zamu saa nane.

Mapokezi pia ni mahali pa machozi. Kuanzia miezi minane hivi hadi mwaka na nusu, mtoto huogopa sana kuachwa, na hiyo ni dalili kwamba amefungamana vizuri na mzazi wake. Kosa la kawaida ni kumwambia mama atoroke mtoto akiwa amegeuka. Mtoto akishagundua kuwa mama hupotea ghafla, hatacheza tena kwa amani, atakuwa akilinda mlango. Mama aage kwa maneno machache, aseme atarudi baada ya jambo ambalo mtoto analielewa (“nitakuja ukishaamka”), kisha aondoke kweli. Wiki ya kwanza ianze kwa saa mbili kwa siku na kuongezwa taratibu. Na mtoto akabidhiwe kwa mlezi mmoja yule yule, si kwa yeyote aliye karibu.

Kazi zenyewe hutofautiana kwa umri kuliko watu wanavyodhani. Anayelea wachanga anafanya kazi ya mikono: kulisha, kubeulisha, kubadilisha nepi, kuwalaza chali kwenye godoro gumu lisilo na mito. Anayelea wa miaka miwili na mitatu anafanya kazi ya subira na maneno. Mwalimu wa elimu ya awali anaandaa mazingira ya kujifunzia. Mtu anaweza kuwa hodari katika moja akashindwa nyingine, na hilo si aibu. Nyuma yao kuna muuguzi wa kliniki ya watoto, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, afisa ustawi wa jamii, na wataalamu wa viungo na wa matamshi, ambao ni wachache mno. Kwa Tanzania, kazi hizi zote ziliwekwa chini ya mwavuli mmoja, Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ya 2021/22 hadi 2025/26, iliyomhusu mtoto tangu kuzaliwa hadi miaka 8. Mambo yake matano ni afya bora, lishe, malezi yenye mwitikio (kumsoma mtoto na kumjibu), ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Mtu wa kazi hii huyafanya yote matano katika kikombe kimoja cha uji: ameupika safi, ameupoza, anamtazama mtoto machoni, anataja jina la kikombe, na hamwachi peke yake.

Kwenye chakula sina mjadala. Karanga nzima, bisi, pipi ngumu na vipande vya muwa visiingie kituoni kwa watoto walio chini ya miaka mitano. Zabibu zikatwe nne kwa urefu, nyama ichambuliwe, na kila mtoto ale ameketi. Mtoto aliyepaliwa akiwa bado anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Akinyamaza, akashindwa kulia au midomo ikabadilika rangi, hapo ndipo mikono inaingia. Aliye chini ya mwaka mmoja mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini ya kifua, umpige mara 5 katikati ya mabega kwa kisigino cha kiganja; bado, mgeuze na kumbonyeza kifuani mara 5 kwa vidole viwili. Aliyezidi mwaka: mara 5 mgongoni akiwa ameinama, kisha mara 5 juu ya kitovu, ukivuta kwa ndani na kwa juu. Rudia hadi kitoke. Akizimia, anza kumfufua kwa kumkandamiza kifua na kumpulizia pumzi, na mtu mwingine atafute usafiri. Usichokore koo kwa kidole usipokiona kitu, maana utakisukuma ndani zaidi. Haya hayajifunzwi kwa kusoma. Fanya kwa mwanasesere hadi mikono ijue yenyewe.

Na degedege: mlaze ubavu, ondoa vitu vya karibu, tazama saa. Kijiko kisiingie mdomoni. Likipita dakika 5, au likijirudia, safari ya hospitali ianze pale pale. Hata likikoma mapema, mtoto aonwe siku hiyo, kwa sababu katika nchi zetu nyuma yake mara nyingi kuna malaria.

Upande wa kujifunza ndipo ninapoona watu wema wakiharibu kwa bidii. Wazazi wanataka kuona daftari lililojaa, mwalimu naye anampa mtoto wa miaka mitatu penseli ajaze mistari ya “a”. Mkono huo hauko tayari. Kwa kawaida mtoto huweza kunakili duara akikaribia miaka mitatu, msalaba kwenye minne, pembe nne muda mfupi baadaye, na pembetatu karibu na mitano. Herufi zimejengwa kwa maumbo hayo hayo. Kabla ya penseli mpe udongo wa kufinyanga, mbegu za kuokota kwa vidole viwili, kamba ya kutunga shanga zenye matundu makubwa, kijiti cha kuchora mchangani. Akilazimishwa mapema, hushika penseli kwa ngumi, na tabia hiyo humfuata hadi darasa la pili na la tatu.

Hesabu nayo ina mtego. Mtoto akiimba moja hadi ishirini, watu hupiga makofi. Mwambie, “Nipe vifuniko vitano vya soda.” Akichota tu mkono ukajaa bila kuhesabu, anajua wimbo tu, bado hajajua tano ni nini. Anza na kutoa kimoja, viwili, vitatu. Aguse kila kifuniko anapokitaja. Kisha vitawanye umuulize ni vingapi sasa. Anayeanza kuhesabu upya bado anajenga wazo. Anayejibu bila kugusa ameshafika.

Kwenye mazungumzo, uliza maswali yasiyojibiwa kwa ndiyo au hapana, kisha nyamaza sekunde tano. Ni ndefu kwa mtu mzima. Mtoto anahitaji zote. Na yule anayezungumza Kisukuma au Kihaya nyumbani asichukuliwe kuwa mzito wa kuelewa: jifunze maneno yake ishirini ya mwanzo, kama vile maji, choo, njoo, inauma, mama. Shaka ya kweli ni ile ya mtoto asiyeunganisha maneno mawili katika lugha yoyote akiwa na miaka miwili. Huyo apimwe masikio kwanza.

Njia ya kuingia inategemea unakokwenda. Anayetaka kufundisha elimu ya awali Tanzania hupitia chuo cha ualimu, na kwa shahada kuna Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) na cha Dodoma (UDOM). Kiwango kilichowekwa ni mwalimu 1 kwa watoto 25, ingawa madarasa mengi ya serikali huzidi hapo, kwa hiyo ujuzi wa kugawa darasa katika vikundi, kila kimoja na kona yake ya kujifunzia, si pambo. Anayefungua kituo aanzie kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009. Kenya, tangu Katiba ya 2010, elimu ya awali ni jukumu la kaunti, nazo ndizo huajiri walimu wa PP1 na PP2, yaani madarasa mawili ya awali. Mishahara ya walezi wa vituo ni midogo kuliko uzito wa kazi, na hilo ndilo linalowaondoa wazuri mapema. Mwenye kituo anayebadilisha walezi kila baada ya miezi mitatu ajue mtoto anaanza upya kila mara.

Jioni, ujuzi wa mwisho ni wa kukabidhi. Mtoto hatoki na mtu ambaye jina lake halimo kwenye orodha iliyosainiwa na mzazi, hata kama mtoto anamkimbilia na kumwita anko. Mpigie mzazi kwa namba iliyo kwenye fomu, si ile anayokupa huyo aliyesimama mlangoni. Mzazi akifika, mweleze amekula kiasi gani, amelala muda gani, amekwenda choo mara ngapi, na ameanguka wapi kama ameanguka, hata kama hakuna alama. Alama ya goti huonekana kesho yake, wakati wa kumwogesha.