Mionzi kwa saratani ya shingo ya kizazi: maswali na majibu

Nimepigwa ultrasaundi, eksirei, CT skani na MRI. Je, mwili wangu haujajaa mionzi?

Haujajaa. Ultrasaundi hutumia mawimbi ya sauti, MRI hutumia sumaku na mawimbi ya redio. Zenye mionzi ni eksirei na CT, na mionzi yake haibaki mwilini. Eksirei moja ya kifua ni takriban milisiveti 0.1 (milisiveti ni kipimo cha mionzi inayoupata mwili), ilhali kila binadamu hupata wastani wa milisiveti 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini, angani na kwenye chakula. CT ya tumbo na nyonga ni kubwa zaidi, milisiveti 10 hivi, kwa hiyo haipigwi bila sababu. Hapa sababu ipo: daktari lazima aone kama ugonjwa umefika kwenye tezi za nyonga au umebana mirija ya mkojo, la sivyo atalenga pungufu.

Kabla ya kuchomwa dawa ya CT, inayofanya picha ionekane wazi, sema kama una ugonjwa wa figo, pumu au mzio, au unameza metformini, dawa ya kisukari. Kabla ya MRI, taja chuma chochote kilichomo mwilini, hasa betri ya moyo.

Kwa nini tiba ya mionzi ichukue wiki tano, isiwe siku moja?

Mionzi huharibu vinasaba vya seli. Seli zenye afya hujikarabati katika saa zinazofuata. Seli za saratani hazina uwezo huo kwa kiasi kile. Ndiyo maana dozi ya mionzi ya nje, itokayo kwenye mashine, hugawanywa: greyi (kipimo cha dozi ya mionzi) 1.8 hadi 2 kwa siku, siku tano kwa wiki, mara 25 hivi. Mara nyingi huambatana na dripu ya sisplatini, dawa ya saratani, kila wiki, baada ya kupima damu na figo. Kisha inakuja mionzi ya ndani, kwa kawaida mara tatu au nne, ambapo chanzo huingizwa kupitia ukeni hadi kwenye uvimbe wenyewe. Usiiache hatua hii hata kama damu imekatika na unajisikia umepona. Mionzi ya nje peke yake haifikishi dozi inayotosha kuua uvimbe.

Nikikosa siku chache?

Hili ndilo tunaloomba lisikike kuliko yote. Tiba nzima, ya nje na ya ndani, imalizike ndani ya wiki nane. Seli za saratani zilizobaki huanza kuzaliana kwa kasi katikati ya tiba, na kila siku inayozidi wiki nane hupunguza uwezekano wa kuudhibiti ugonjwa kwa karibu asilimia moja. Wanaotoka Kigoma au Mtwara kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, wapange malazi ya wiki zote nane kabla ya kuanza, wasisubiri fedha ziishe wiki ya tatu. Mashine ikiharibika au sikukuu ikiingia, muulize daktari siku hiyo itafidiwaje. Inawezekana kutibiwa Jumamosi, au mara mbili kwa siku moja kwa kuacha angalau saa sita katikati.

Siku ya kwanza walinichora tu. Alama ni za nini?

Ndizo zinazokulaza palepale kila siku. Usizisugue. Zikififia, mwambie mtaalamu, usijichoree mwenyewe. Ukiambiwa ujaze kibofu, kojoa kwanza, kunywa nusu lita ya maji, usubiri muda ulioelekezwa, mara nyingi nusu saa hadi dakika 45. Kibofu kilichojaa husukuma utumbo mwembamba juu, mbali na mionzi. Wanaokuja na kibofu kitupu huharisha zaidi.

Nikirudi nyumbani, nimbebe mtoto?

Mbebe. Mionzi ya nje huisha mashine inapozimwa, na chanzo cha mionzi ya ndani hurudi kwenye kasha lake kabla hujatoka chumbani. Wanaopewa aidini ya mionzi kwa saratani ya tezi ya shingo ndio wenye masharti ya kukaa mbali na watoto kwa muda.

Madhara yapi nitarajie?

Kuharisha huanza wiki ya pili au ya tatu: kunywa ORS, punguza maharage na maziwa, omba dawa mapema. Mkojo unaochoma upimwe, huenda ni maambukizi. Kama damu inatoka, kiwango cha damu mwilini kipimwe, kwa sababu damu ikipungua uvimbe hupata oksijeni kidogo, na uvimbe wenye oksijeni kidogo haufi vizuri kwa mionzi.

Ovari husimama, na hedhi hukoma. Njia ya uke huwa nyembamba na kavu. Hili halisemwi vya kutosha, na wanawake hulibeba kimya kimya. Wiki mbili hadi nne baada ya tiba, kidonda kikishapoa, muulize muuguzi kuhusu kifaa cha kutanulia uke na mafuta yake, hutumika mara kadhaa kwa wiki. Ukiona damu kwenye haja kubwa, mkojo kuvuja bila kujizuia, au mguu mmoja kuvimba, hata mwaka ukiwa umepita, rudi kliniki bila kungoja tarehe.