Mpira wa Kriketi na Kichwa cha Mchezaji: Tunayoyaamini na Yaliyo Kweli

Wengi wetu tulianza kuifuatilia kriketi mwaka 2003, Kenya ilipoishinda Sri Lanka pale Nairobi Gymkhana na hatimaye kufika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Shujaa wa siku ile, Collins Obuya, alichukua wiketi tano, yaani aliwatoa wapigaji watano, kwa mipira ya taratibu yenye kupinda. Labda ndiyo sababu hadi leo nasikia watu wakisema kriketi ni mchezo wa kiungwana usio na maumivu: watu wamevaa nyeupe, katikati ya mechi wanakwenda kunywa chai, hatari waachieni wa raga.

Anayesema hivyo hajaushika ule mpira. Kiini chake ni lile gamba la mti linalotengenezewa vizibo vya chupa, limekazwa kwa nyuzi na kuvikwa ngozi nene. Una uzito wa gramu 156 hadi 163. Mrushaji wa kasi huutupa kwa kilomita 145 kwa saa au zaidi, na mpigaji anayesimama karibu mita 20 mbele yake hana hata nusu sekunde ya kuamua. Tena sheria inamruhusu mrushaji kuudundisha mfupi ardhini makusudi, uinuke usawa wa kifua, shingo au uso. Ni silaha halali ya mchezo, na mimi ni mmoja wa wanaopenda kuitazama ikitumika.

"Si amevaa helmeti?"

Helmeti inastahili heshima yake. Mwaka 1962, kapteni wa India Nari Contractor alipigwa kichwani huko Barbados na mpira wa Charlie Griffith, mrushaji wa West Indies, akavunjika fuvu. Miongoni mwa waliojitolea damu kumwokoa alikuwa Frank Worrell, kapteni wa timu pinzani. Contractor alipona, lakini hakuichezea tena India. Zama zile hakukuwa na helmeti. Zilianza kuonekana kwenye kriketi kubwa mwishoni mwa miaka ya 1970, na fuvu nyingi zimenusurika tangu hapo.

Ila kazi yake ni hiyo: kulinda mfupa. Ubongo wenyewe ni laini, umekaa ndani ya majimaji, na kichwa kikisukumwa ghafla nao husogea ndani ya fuvu, helmeti iwepo isiwepo. Huo ndio mtikisiko wa ubongo. Mfupa unaweza kubaki mzima kabisa huku ubongo umeumia.

Halafu kuna sehemu ambazo helmeti haifiki. Tarehe 25 Novemba 2014, mpigaji Phillip Hughes alikuwa akiichezea timu ya jimbo la South Australia kwenye uwanja mkubwa wa Sydney, ana mikimbio (alama) 63 na hajatolewa. Mpira mfupi ulimpata shingoni, upande wa kushoto, chini kidogo ya ukingo wa helmeti. Mshipa unaopitisha damu kwenda kwenye ubongo ulichanika, damu ikavuja na kuuzingira ubongo. Alifariki siku mbili baadaye, zikiwa zimebaki siku tatu atimize miaka 26. Mpaka leo wako wanaosema alikufa kwa kutovaa helmeti. Si kweli, alikuwa ameivaa. Ni baada ya msiba huo ndipo vile vikinga vya kubandika nyuma ya shingo vilipoenea, na mwaka 2023 Australia ikavifanya lazima kwa wachezaji wake wa ngazi ya juu wanapokabiliana na mipira ya kasi.

Jambo moja zaidi kwa klabu zetu ambako helmeti moja hupokezanwa na wapigaji watatu: iliyokwisha kupigwa vibaya si ya kuvaliwa tena, hata kama haionyeshi ufa.

"Ameinuka, anatembea, ni mzima"

Hii ndiyo dhana inayoniumiza kuliko zote, kwa sababu naisikia katika kila mchezo, hata kwenye mpira wa miguu wa mtaani. Mtu anaanguka, anamwagiwa maji kichwani, anaulizwa jina lake, analitaja, watu wanapiga makofi, anarudi uwanjani.

Februari 1998, Raman Lamba, aliyewahi kuichezea India, alikuwa kwenye mechi ya klabu mjini Dhaka. Akiwa upande wa wanaozuia mpira, alisogea kusimama karibu kabisa na mpigaji. Zilikuwa zimebaki tupa chache tu kumaliza ova (zamu ya tupa sita za mrushaji mmoja), akaona hakuna haja ya kuagiza helmeti. Mpira uliopigwa kwa nguvu ukamgonga kipaji cha uso, ukaruka hadi kwa mlinda wiketi, yule mdakaji wa nyuma ya mpigaji. Lamba aliinuka na kutoka uwanjani kwa miguu yake mwenyewe. Hali yake ikabadilika baadaye, na siku tatu tangu agongwe alikuwa marehemu. Ndani ya kichwa damu ilikuwa ikivuja muda wote ambao walio nje walimwona mzima.

Miaka 21 baadaye, uwanja wa Lord's, London, tarehe 17 Agosti 2019. Steve Smith wa Australia ana mikimbio 80. Jofra Archer wa Uingereza anarusha mpira wa karibu kilomita 149 kwa saa, unampata shingoni chini ya sikio. Smith anaanguka kifudifudi. Daktari wa timu anampima, anafaulu vipimo, na chini ya saa moja baadaye anarudi kupiga, anaongeza mikimbio 12. Kesho yake asubuhi anaamka na maumivu ya kichwa na uzito wa akili. Akaikosa sehemu iliyobaki ya mechi ile ya siku tano na mechi yote iliyofuata. Hapo palikuwa na daktari mwenye vifaa, na bado dalili zilijificha hadi asubuhi. Sisi tunaye mchua misuli mwenye chupa ya maji.

Ukweli ni kwamba wengi wanaopata mtikisiko wa ubongo hawapotezi fahamu kabisa. Dalili zinaweza kuchelewa kwa saa kadhaa: kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu, mwanga kuumiza macho, hasira zisizo na sababu, mtu kuuliza swali lile lile mara tatu. Anayeshukiwa atolewe na asirudi siku hiyo. Akitapika tena na tena, maumivu yakizidi, akipata degedege, akichanganyikiwa, mboni moja ikiwa kubwa kuliko nyingine, au akiwa haamshiki, huyo ni wa hospitali saa hiyo hiyo.

"Picha ya CT haikuonyesha kitu"

Picha hiyo ya ndani ya kichwa, inayopigwa kwa mashine hospitalini, hutafuta damu iliyovuja na mfupa uliovunjika. Mtikisiko wa ubongo hauonekani humo. Kwa hiyo picha safi ni habari njema, lakini si ruhusa ya kurudi kucheza.

"Asilale!"

Bibi zetu walikesha wakiwatingisha wajukuu ili wasisinzie. Woga wao ulikuwa na msingi. Lakini mtu akishaonwa na daktari na hana dalili za hatari, usingizi humsaidia. Kinachotakiwa ni awepo mtu wa kumwangalia usiku wa kwanza. Dawa kama aspirini na ibuprofeni zisubiri mpaka ithibitike hakuna damu inayovuja; parasetamoli inatosha.

Kinyume chake kuna wanaomfungia mgonjwa kwenye chumba chenye giza kwa wiki mbili. Hilo nalo limepitwa na wakati. Siku moja au mbili za utulivu, kisha matembezi mepesi, kisha hatua kwa hatua.

Na utulivu si kushika simu kutwa. Kijana anaambiwa apumzike, anawasha gemu la anga za juu, anaongoza chombo kutoka sayari hadi sayari huku nyota zikimpita kwa kasi. Mwili umelala, lakini macho na kile kiungo cha usawa kilicho ndani ya sikio vinahangaika. Watafiti wa Massachusetts walichapisha mwaka 2021 matokeo ya jaribio la vijana 125 wa miaka 12 hadi 25. Waliokatazwa skrini kwa saa 48 za mwanzo, nusu yao walikuwa wamepona kufikia siku ya tatu na nusu. Walioruhusiwa, ilichukua siku nane. Sayari zitamsubiri.

"Pigo la zamani limeshapita"

Tangu Agosti 2019, mchezaji wa mechi za Test (zile za kimataifa za siku tano) aliyepata mtikisiko anaweza kubadilishwa na mwingine wa aina yake, ili timu isimlazimishe kubaki. Wa kwanza kuingia hivyo alikuwa Marnus Labuschagne, badala ya Smith. Mpira wa pili tu Archer akampiga kwenye nondo za helmeti zinazokinga uso. Akapimwa, akaendelea, akapata 59.

Hakuyumba, na tulimshangilia. Lakini ubongo hauanzi upya kila asubuhi. Ukiumia kabla haujapona, pigo dogo linaweza kuleta madhara makubwa. Will Pucovski, Mwaustralia aliyetarajiwa kuwa mpigaji wa kizazi chake, alipigwa kichwani mara nyingi tangu ujana, na dalili zikawa haziondoki. Aprili 2025 alitangaza kuacha, akiwa na miaka 27. Mechi yake ya Test ni moja tu, Januari 2021. Alipata mikimbio 62 katika zamu yake ya kwanza, kwenye uwanja ule ule wa Sydney alikoanguka Hughes.