Binti mwenye mlango wa pili

Miswada ya vichekesho vya familia ninayoletewa kuihariri hufanana kwa jambo moja: mama mtalaka anafoka, watoto wakubwa wanafyata mkia, na hapo kichekesho kinakufa. Imebaki amri tu.

Huwa nawaambia waandishi wakatazame sehemu ya kwanza ya kichekesho cha televisheni *One Day at a Time*, iliyorushwa na kituo cha CBS cha Marekani Desemba 1975. Ann Romano, anayeigizwa na Bonnie Franklin, ameachana na mumewe na anaishi kwenye fleti mjini Indianapolis na binti zake, Julie na Barbara. Julie anataka kwenda kupiga kambi na wenzake, wasichana kwa wavulana. Mama anakataa. Julie habembelezi, anasema atahamia kwa baba.

Tazama hapo. Wazazi wakiwa pamoja, mama akikataa, mara nyingi nyumba nzima imekataa. Wakiachana, mtoto anapata mlango wa pili, na kila "hapana" ya mama inaweza kumtoa mtoto nyumbani. Ann analijua hilo. Ana miaka 34: kumi na saba ya kwanza baba yake ndiye aliyemwamulia mambo, kumi na saba iliyofuata ikawa zamu ya mume. Sasa ameamua mwenyewe kwa mara ya kwanza, na huenda akampoteza binti. Tunacheka roho ikiwa juu.

Whitney Blake, aliyekibuni kipindi pamoja na Allan Manings, naye aliwahi kulea watoto baada ya talaka, na mimi nauona ujuzi huo katika jambo dogo kama jina: Ann amerudia ukoo wake, Romano, wakati mabinti wamebaki na la baba yao, Cooper.

Nakipenda zaidi kwa sababu katika misimu 9 kiliwaacha mabinti wakue. Julie aliolewa, kisha Barbara akaolewa na Mark. Mwaka 1983 Ann akaolewa na Sam, baba yake Mark, na mama mkwe wa Mark akawa pia mama yake wa kambo. Kwetu hilo lingeitisha kikao cha ukoo, na kikao hicho peke yake kingetosha sehemu nzima.

Basi kabla hujaniletea mswada wako, niandikie kwanza binti atalala kwa nani usiku huo akiamua kubeba begi lake.