Shirika Lisiloleta Madawati Linafanya Nini Shuleni?

Shirika lisilo la kiserikali likifika kwenye shule ya umma, swali la kwanza la wanakijiji huwa: mmeleta madawati mangapi? Yapo mashirika yanayotoa madawati, na tunayashukuru. Ila kazi kubwa ya mashirika ya elimu hapa Tanzania hufanyika kwenye makaratasi na vikao, wala haipigwi picha.

Chukua ruzuku ya uendeshaji, yaani fedha ambazo Serikali huipa shule kwa matumizi yake. Kiwango cha shule ya msingi ni Sh 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, utaratibu ukawa Sh 4,000 zinabaki kwa ajili ya vitabu na Sh 6,000 zinakwenda shuleni. Igawe hiyo kwa miezi 12: Sh 500 kwa mtoto. Shule ya watoto 800 inabaki na Sh 400,000 kwa mwezi za chaki, mitihani, michezo na mlango uliong'oka bawaba. Mzazi anayeijua hesabu hii hamshuku mwalimu mkuu ovyo, na pia hadanganyiki kirahisi.

Fedha zikiingia, taarifa yake inatakiwa ibandikwe kwenye ubao wa matangazo. Pita shule ya jirani ukaangalie. Mara nyingi utakuta zamu za walimu, tangazo la kikao lililofifia kwa jua, na mapato ya muhula uliokwisha zamani. Hapo ndipo sisi wa mashirika tunapoketi na kamati ya shule: kusoma taarifa ya benki, kuilinganisha na stakabadhi, kuandika muhtasari unaoeleweka. Wajumbe wengi huchaguliwa bila kuambiwa kuwa wana mamlaka hayo.

Vyoo navyo vina kiwango chake: tundu moja kwa wasichana 20, na moja kwa wavulana 25. Wasichana 400 wanahitaji matundu 20, na kuhesabu matundu hakuhitaji mtaalamu. Shule moja ikilalamika, diwani atasema isubiri bajeti ijayo. Shule zote za kata zikileta hesabu zao kwenye karatasi moja, kabla baraza la madiwani halijapitisha makadirio, mazungumzo hubadilika. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, kwa hiyo anayekuja na takwimu zake Juni amechelewa. Ofisi ikikataa kutoa takwimu, ipo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, inayoipa siku 30 kujibu ombi la raia.

Kazi hii ina gharama yake. Shirika la HakiElimu, lililoanzishwa 2001, lilipigwa marufuku na wizara ya elimu mwaka 2005 kufanya na kuchapisha tafiti kuhusu shule, na mvutano huo haukumalizika hadi 2007. Kwa maoni yangu, ugomvi ule ulilifanya suala la ubora wa elimu lizungumzwe hata na watu wasiosoma ripoti.

Mengine huchukua miaka. Mashirika yalidai kwa muda mrefu wasichana waliopata ujauzito waruhusiwe kurudi darasani, na Novemba 2021 Serikali ikaruhusu. Waraka ulipotoka, kazi ikarudi kijijini: mama wa binti aliyeishia kidato cha pili hasomi nyaraka za wizara, na lazima mtu amfikie kumwambia nafasi ya mwanawe ipo.